Paneli ya wati 300 na taa zinazozima saa tatu usiku: je, kosa ni baridi ya Mbeya?

"Tumehamia kwenye nyumba yetu mpya pembezoni mwa Uyole, nguzo za TANESCO bado hazijatufikia. Mwezi wa saba fundi alitufungia sola: paneli moja ya wati 300, betri N100 ya volti 12, chajikontrola ya ampea 30 na inveta. Mpaka mwezi wa kumi hatukuwa na shida, taa na televisheni vilikwenda mpaka tunalala. Tangu Desemba inveta inalia na kuzima saa tatu usiku, siku nyingine saa mbili. Fundi wa kwanza anasema niongeze paneli ya pili. Mwingine anasema paneli imelala upande wa kusini wa paa, niigeuze itazame kaskazini. Siku hizi pia mparachichi wa jirani unaipiga kivuli mpaka saa nne asubuhi, kitu ambacho sikukiona wakati tunafunga. Jirani mwenyewe anasema Mbeya ni baridi, sola ni ya Dodoma na Singida, na mume wangu ameanza kukubali, anataka tuiuze. Lakini mdogo wangu anaishi Hamburg, Ujerumani, anasema mtaani kwao mapaa yamejaa paneli na theluji inaanguka. Nimsikilize nani? Na je, naweza kuongeza hita ya maji ya kuoga? Watoto wanateseka na baridi."

Ndaga, dada, kwa barua iliyojaa vipimo. Wengi huniandikia kwamba sola yao mbovu, wakaishia hapo. Wewe umetaja miezi, umetaja ampea, tena umeambatanisha picha ya kibandiko cha nyuma ya paneli na ya chajikontrola, kile kifaa kinachosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri. Picha hizo mbili ndizo zimenipa jibu, na nitazifikia. Kwanza mwambie shemeji asiuze kitu. Mbeya inafaa kwa sola, na inafaa sana.

Jirani yako amechanganya joto na mwanga. Watu wengi huchanganya hivyo, kwa sababu kwetu jua kali na joto huja pamoja. Paneli inakula mwanga, joto linaiumiza. Zile wati 300 zilipimwa kiwandani seli, vile vipande vya ndani ya paneli, zikiwa na joto la nyuzi 25. Paneli ikiwa juani, seli zake huwa na joto kuliko hewa kwa nyuzi 25 hadi 30, na kwa paneli za kawaida kila nyuzi inayozidi 25 hupunguza umeme kwa kama asilimia 0.4. Mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 32, seli hufika 60, na kama asilimia 14 ya umeme imekwenda na joto. Mchana wa nyuzi 20 hapo Uyole unapoteza kama asilimia 9 tu. Ongeza na mwinuko wetu: mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo mwanga unapita hewa kidogo zaidi kabla ya kukufikia. Ndiyo maana mtu anaungua uso akipalilia viazi mwezi wa saba huku amevaa sweta.

Sasa mdogo wako wa Hamburg. Anasema kweli, ila kuna jambo hawezi kuliona akiwa barabarani. Ujerumani mwanzoni mwa 2025 ilivuka megawati 100,000 za paneli. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115. Hizo ni megawati za vifaa vilivyofungwa, umeme halisi unategemea saa za jua na za maji, lakini zinaonyesha kwamba nchi ya baridi haikuogopa. Tena jua lao kwa mwaka ni kama nusu ya letu. Mwishoni mwa Desemba, saa sita mchana, jua la Hamburg linapanda nyuzi 13 tu juu ya upeo na mchana wote ni kama saa saba na nusu. Mwezi huo paneli zao hutoa umeme kidogo mno. Wanaishije? Wameunganishwa na gridi, umeme wa taifa. Majira ya joto wanauza, majira ya baridi wananunua, na televisheni haijui tofauti. Wewe huna gridi ya kukubeba. Una betri moja, na betri hiyo lazima ijazwe leo kwa ajili ya usiku wa leo.

Kwa hiyo mwezi wa kuupangia sola ya nyumbani kwa Mbeya, Tukuyu, Njombe au Mafinga ni Januari, katikati ya masika yetu, si Agosti. Fundi wako alifunga Julai, mbingu ikiwa bluu toka asubuhi mpaka jioni, na kila kitu hufanya kazi mwezi huo, hata kilichofungwa vibaya. Mimi hupanga hivi: kiangazi nahesabu saa sita za jua kamili kwa siku, yaani mwanga wa siku nzima ukikusanywa uwe kama wa jua kali la adhuhuri, masika nahesabu nne na nusu kwa wastani, na siku mbaya ya wingu zito mbili. Chini ya wingu jembamba paneli bado hutoa theluthi au nusu ya nguvu yake. Chini ya wingu jeusi la mvua hubaki sehemu moja ya kumi au ya tano.

Hapo kuna upungufu wa kweli ulioletwa na mbingu. Lakini haukupaswa kukuzimia taa saa tatu. Twende kwenye kibandiko.

Umeniandikia wati 300, na kibandiko kinakubali. Soma mistari iliyo chini yake: volti za kazi 32.6, ampea za kazi 9.2. Zidisha, unapata 300. Ukigeukia picha ya chajikontrola, pembeni kuna herufi tatu: PWM. Aina hii ni kama swichi inayofunga na kufungua haraka. Ikiwa wazi, paneli na betri ni kitu kimoja, na betri ndiyo inayoamua volti. Betri yako inachaji kwenye volti 13 hivi. Paneli iliyotaka kufanya kazi kwenye volti 32 inaburutwa mpaka 13, huku ampea zikibaki zilezile 9.2. Zidisha tena: 9.2 mara 13 ni wati 120. Hizo ndizo wati ulizonazo, dada. Ulilipia 300, na 180 zinaishia kuwa joto juu ya bati, kila siku, tangu Julai.

Hakuna kilichoharibika. Paneli ni nzima, kontrola ni nzima, ila hazikuzaliwa kuishi pamoja. Paneli iliyokusudiwa kwa betri ya volti 12 na kontrola ya PWM huwa na volti za kazi kama 18. Paneli ndogo ya wati 150 ya aina hiyo ingekupa ampea 8.3, karibu sawa na unazopata leo kwenye paneli yenye wati mara mbili. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu nalikuta nyumba baada ya nyumba, kuanzia Mbalizi hadi Makambako. Paneli kubwa zimeshuka bei, watu wananunua kubwa, fundi anafunga kontrola aliyoizoea, na lawama zinaangukia hali ya hewa.

Linganisha na matumizi yako. Televisheni ya inchi 32 inakula kama wati 50, king'amuzi 15, kwa saa nne ni wati-saa 260. Taa tano za wati 7 kwa saa nne ni 140. Simu na redio weka 50. Jumla 450 kwa jioni, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta inapogeuza umeme wa betri kuwa wa televisheni na taa ni kama 510. Agosti, wati 120 kwa saa sita ni 720. Toa kinachopotea ndani ya betri, zinabaki 600 na kitu. Unalala na chenji. Siku mbaya ya Januari, wati 120 kwa saa mbili ni 240, na baada ya hasara ni kama 200. Ukumbuke pia watoto walikuwa likizo Desemba. Kama televisheni iliwaka tangu mchana, betri ilifika jioni tayari imechoka. Na kama inveta huizimi usiku, yenyewe tu bila kuwasha chochote inaweza kunywa wati 8 au 10 saa zote. Kwa siku nzima hizo ni wati-saa 200 au zaidi, karibu nusu ya jioni yako nzima. Izime mkienda kulala. Hilo ni la bure, anza leo.

Kuhusu kuigeuza paneli kaskazini, fundi wa pili ameikariri kanuni sahihi na kuitumia mwezi usiohusika. Sisi tuko kama nyuzi 9 kusini ya ikweta. Kwa mwaka mzima paneli ya Mbeya inafaa kutazama kaskazini ikiwa imeinama nyuzi 10 hadi 15, kwa sababu Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, nyuzi 32 kutoka utosini. Lakini Desemba na Januari jua la adhuhuri linapita kusini ya utosi. Bati lako lililoinama kusini linalitazama jua la Desemba uso kwa uso. Ukigeuza sasa, siku ya jua safi utapunguza kama asilimia 13 saa sita mchana, mwezi uleule unaoumia. Igeuze ukipenda, lakini kwa faida ya Juni, na usimlipe mtu kwa kukuahidi kwamba itaponya Januari.

Mparachichi ndio unaonishughulisha zaidi. Hukukosea, Julai kivuli hakikuwepo. Julai jua linachomoza kaskazini ya mashariki, likaupita mti. Desemba linachomoza kusini ya mashariki, nyuma ya matawi. Na masika yetu mara nyingi asubuhi ndiyo safi. Wingu linapanda mchana na mvua inashuka alasiri. Kwa hiyo mti unakula sehemu nzuri kuliko zote ya siku. Wala usiseme kivuli kimeshika pembe moja tu. Seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo, kama bomba moja la maji: ukikanyaga mpira sehemu moja, maji yote yanapungua. Ndani kuna dayodi za kukwepesha, kwa kawaida tatu, zinazoruka kipande chenye kivuli, hivyo tawi moja linaweza kukuondolea theluthi nzima ya paneli. Ongea na jirani apunguze matawi ya upande wenu, au hamisheni paneli mita chache mbali na mti. Mkihama, ndipo mtengeneze na fremu ya kuitazamisha kaskazini kwa mwinamo mdogo, kazi ifanyike mara moja.

Betri nayo nina shaka nayo. N100 ni jina la saizi lililotoka kwenye betri za magari; iko iliyotengenezwa kwa sola, na iko ya kuwashia lori. Kwa nje zinafanana. Ya lori imeumbwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, ukiikausha kila usiku inakufa ndani ya miezi. Hata ile ya sola haitakiwi kushuka chini ya nusu: volti 12 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200, zako za kutumia ni 600. Yako imelala na njaa tangu Desemba, na betri ya risasi ikikaa bila kujaa, salfeti inaganda kwenye sahani zake na haitoki tena. Baridi nayo inaipunguza, na hapa ndipo jirani yako ana punje ya ukweli: usiku wa nyuzi 10 betri hutoa kama sehemu tisa za kumi za uwezo wake, na huhitaji volti kubwa kidogo ili ijae. Iweke ndani ya nyumba juu ya ubao, mahali penye hewa, mbali na jiko na mbali na vitanda vya watoto.

Kesho asubuhi kabla jua halijagusa paneli, inveta ikiwa imezimwa tangu usiku, pima volti za betri kwa mita ya fundi. Ikisoma 12.6 au 12.7, imejaa. 12.2 ni nusu. 11.9 kushuka chini ni taabu. Kisha siku itakayotoka jua zuri saa sita mchana, mwombe fundi apime ampea zinazoingia kwenye betri. Nikiwa sahihi, hazitazidi 10 hata jua likipasuka. Chukua pia futi kamba upime paneli yenyewe. Paneli nzuri za leo hutoa kama wati 200 kwa kila mita ya mraba, hivyo ya wati 300 huwa na eneo la karibu mita za mraba 1.5. Nimekutana na kibandiko cha 300 kwenye kipande kinachotosha mkononi. Kibandiko kinaweza kudanganya, eneo haliwezi.

Sasa ununue nini? Paneli ya pili, kama anavyotaka fundi wa kwanza, ingekusaidia kweli: ungefika wati 240. Lakini ungelipia 600 na kutupa 360. Njia ya pili ni kuhamia mfumo wa volti 24 kwa betri mbili. Hapo PWM na paneli yako vingeelewana, ila ungehitaji inveta mpya, na betri mpya haifungwi pamoja na ya zamani, ile mgonjwa inaivuta nzima. Kwa ulipo leo ningebadilisha chajikontrola tu, nikaweka ya MPPT. Hii haiburuti paneli. Inaiacha kwenye volti zake 32 na kuzigeuza volti za ziada kuwa ampea. Kwa mwanga uleule ampea 9 za paneli zinaweza kuwa 18 au 19 kwenye betri, yaani karibu mara mbili ya ulichonacho, bila kupanda tena juu ya bati. Ni ghali kuliko PWM mara kadhaa, sikufichi, na ampea 19 ziko karibu na mwisho wa kile betri ya 100 inachovumilia, hivyo fundi aiwekee kikomo cha 20. Siku mbaya za Januari zitabaki kuwa mbaya. Siku hizo televisheni ipumzike. Lakini siku hizo zitakuwa chache, na betri itapata nafasi ya kujaa katikati.

Jihadhari na jambo moja dukani. Kontrola nyingi zimeandikwa MPPT kwa nje, ndani ni PWM. Kipimo chake ni rahisi: jua likiwa kali na betri ikiwa ina njaa, pima ampea zinazotoka kwenye paneli na zile zinazoingia kwenye betri. Zikiwa sawa, umeuziwa jina. Angalia pia volti za juu ambazo kontrola inavumilia. Baridi hupandisha volti za paneli, na hili nililipia mwenyewe. Nilifunga paneli yenye volti 48 za bila mzigo, yaani ikiwa haijaungwa na kitu, kwenye kontrola yenye kikomo cha 50, upande wa Makete. Mchana ilikwenda vizuri. Asubuhi moja ya nyuzi 4 jua lilipoigusa paneli volti zilivuka 50, na nikamkuta mama wa watu ananusa harufu ya plastiki iliyoungua. Nililipa kontrola ile. Yako ina volti 39.8 bila mzigo, asubuhi ya baridi kali zitafika 42. Chukua kontrola yenye kikomo cha 75 au 100.

Hita ya kuoga, hapana, si kwa betri hii. Ndoo moja ya lita 20 kuipandisha kutoka nyuzi 15 hadi 40 inataka wati-saa 580, zaidi ya jioni yenu nzima ya taa na televisheni. Na hita ya papo kwa papo ya bombani huvuta wati elfu tatu na zaidi, inveta yako itazima kabla maji hayajapata uvuguvugu. Kinachowafaa watoto ni hita ya maji ya jua, ile ya mirija na tangi juu ya paa. Yenyewe inachukua joto la jua moja kwa moja bila kupitia umeme. Ni gharama ya peke yake, iwekeeni akiba. Kwa sasa jiko linabaki.

Mambo mengine usiyapime mwenyewe. Betri ikivimba, ikitoa harufu ya yai bovu, au ikiwa ya moto mkononi, zima inveta, fungua madirisha, usiwashe kiberiti, na mtafute fundi siku hiyohiyo. Vivyo hivyo waya ukiwa wa moto au ukiona cheche. Paneli haina swichi ya jua. Maadamu kuna mwanga, waya zake zina umeme. Anayebadilisha kontrola aanze kwa kufunika paneli au kuchomoa waya zake, aunge betri kwanza, paneli baadaye, na aweke fyuzi karibu na betri, ambayo kwenye picha yako sikuiona. Chagua fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na umwombe akuonyeshe. Muulize pia habari za kutuliza radi, maana mlimani kwenu hupiga sana. Na nguzo za TANESCO zitakapofika, asiunganishe sola na umeme wa gridi bila swichi ya kubadilisha upande: umeme wa inveta yako ukipanda nguzo unaweza kumuua fundi anayedhani laini imekatwa.

Niandikie namba tatu kabla hujampa mtu hela: volti za betri alfajiri, ampea za saa sita mchana, na urefu na upana wa paneli. Betri ikisoma chini ya 12 hata baada ya siku mbili za jua na matumizi madogo, tutaanza na betri, na kontrola itasubiri.